Kadi ya sigara ya besiboli: anzia mgongoni

Ukikutana na kadi ya zamani ya besiboli, zile zenye picha ya mchezaji zilizowekwa ndani ya pakiti za sigara, ndani ya kitabu cha mtumba pale soko la Memorial Moshi, usihangaike na sura ya mchezaji, geuza nyuma kwanza maana huko ndo asili yake ilipo. Soma jina la sigara, mfano Piedmont au Sweet Caporal, alafu tafuta namba ya kiwanda, 25 ni Virginia, 30 ni New York. Zile za T206, yaani seti moja ya kadi hizi, zilitoka 1909 hadi 1911 kwenye pakiti za American Tobacco Company. Pima na rula, iwe karibu sm 3.7 kwa 6.7, japo kuna zilizokatwa kingo. Alafu jamani msiifute na maji, mtaiua kabisa!