Kuchagua taa za nje kwa nyumba ya kando ya bahari

Nikiitwa kutazama taa iliyokufa kwenye nyumba ya ufukweni, naanzia kwenye skrubu. Mara nyingi pembeni yake rangi imevimba kama lengelenge. Ukiikwangua kwa ukucha inabanduka, na chini yake kuna unga mweupe. Hiyo ni alumini inayoliwa. Upepo huleta chumvi, chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na taa hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua.

Hatua ya 1: Chagua mwili wa taa
Mimi hupendelea shaba. Itapoteza mng'ao na kugeuka kahawia au kijani, lakini utando huo ndio unaoilinda, kwa hiyo usiusugue. Ukitaka stenlesi, uliza namba. Ile ya 316 ina molibdeni, inayoisaidia kuhimili chumvi. Ya 304 hutoa madoa ya kutu mapema. Kwa macho hazitofautiani, na sumaku haisaidii kwa sababu kwa kawaida hainati vizuri kwa yoyote kati yake. Soma maelezo ya kiwandani.

Hatua ya 2: Kagua skrubu
Wanunuzi wengi huiruka hii. Skrubu ya stenlesi ikikaa ndani ya alumini, maji ya chumvi yakipita kati yao, inakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa ya nailoni, yaani kipete bapa cha chini ya kichwa cha skrubu, kisha paka grisi kwenye hesi, ile mizunguko ya skrubu. Usipofanya hivyo, siku ya kufungua utakata kichwa cha skrubu.

Hatua ya 3: Soma alama ya IP
Chukua IP65 au IP66: vumbi haliingii, na maji ya kurushwa kwa mpira hayapenyi. Ila kipimo hicho hakihusu kutu. Nimefungua taa za IP66 ambazo nje zimeharibika kabisa, ndani pakavu.

Hatua ya 4: Funga
Zima umeme kwenye swichi kuu. Waya uingie kutokea chini, ukiacha kitanzi kidogo kinachoning'inia ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Hatua ya 5: Osha
Kila mwezi, taa ikiwa imezimwa na imepoa, ifute kwa kitambaa na maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Anza na zilizo chini ya upenu. Watu hudhani hizo ziko salama, kumbe mvua haizifikii kuziosha, na chumvi hujilimbikiza juu yake.