Salsa kwa anayeanza: itafute "moja" kabla ya mizunguko

Hatua za msingi za salsa ni sita tu, na wengi huzikariri siku ya kwanza. Kinachowasumbua ni sikio. Hawajui wimbo unahesabiwa kuanzia wapi, kwa hiyo hata mguu uliokanyaga vizuri huwa umekanyaga wakati usio wake.

Hesabu inakwenda hadi nane. Unakanyaga 1, 2, 3 na kutulia kwenye 4, kisha 5, 6, 7 na kutulia kwenye 8. Anayeongoza huanza na kushoto mbele (1), ananyanyua kulia na kuukanyaga palepale (2), anarudisha kushoto katikati (3). Kisha kulia nyuma (5), kushoto palepale (6), kulia katikati (7). Anayefuata ni kama kioo chake: kwenye 1 anarudi nyuma kwa mguu wa kulia. Wapo wanaobadili mwelekeo kwenye 2, mtindo uliovuma New York kupitia mwalimu Eddie Torres. Shika mmoja kwanza. Ukijifunza yote miwili kwa pamoja, hesabu zitagongana kichwani.

Hatua isizidi urefu wa unyayo wako. Ukitupa mguu mbali, kiwiliwili hubaki nyuma na 2 inachelewa. Hiyo 2 ndiyo hatua inayoibwa kuliko zote: mtu hugusa sakafu tu bila kuhamisha uzito, na akifika 3 hajui atumie mguu upi. Kosa jingine ni kukanyaga kwenye 4 kwa sababu kutulia kunaonekana kama kupoteza muda. Jipime hivi: simama kwenye 4, nyanyua mguu unaotakiwa kwenda 5. Ukiyumba, uzito ulikuwa umegawanyika. Unaporudi nyuma, shukia sehemu ya mbele ya unyayo, kifua kisiegemee nyuma. Nyonga usizisukume, goti likikunjwa na kunyooka wakati uzito unahama, zitacheza zenyewe.

Sasa muziki. Nyimbo nyingi za salsa ziko kati ya mapigo 150 na 220 kwa dakika. Anza na 150 hadi 170. Kuzipima ni rahisi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Programu nyingi za kuchezea muziki hukuruhusu kupunguza kasi. Wimbo wa mapigo 200 ukiuchezesha kwa asilimia 75 unashuka hadi 150. Usishuke sana, maana polepole kupita kiasi nako ni kugumu: unalazimika kusimama kwa mguu mmoja muda mrefu.

Tafuta wimbo wenye kengele inayosikika. Kengele ya mpigaji bongo (ngoma mbili ndogo zilizounganishwa) hutoa sauti nzito kwenye 1, 3, 5 na 7. Mara nyingi haipigwi kwenye beti za mwanzo. Huingia waitikiaji wanapoanza kujibizana na mwimbaji, kwa hiyo ruka mbele hadi hapo ufanye mazoezi. Konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, nazo husaidia: zile sauti mbili wazi zinazofuatana, "ku-kung", huangukia 4 na nusu ya pigo baada yake, kisha tena 8 na nusu ya pigo baada yake. Baada ya "ku-kung" inakuja 5 au 1. Kuzitofautisha, sikiliza sentensi ya piano inaanza upya wapi. Besi usiifuate kwanza. Huwahi kabla ya 1, na anayeishika hucheza mbele ya muziki bila kujua.

Son ya Kuba, muziki wa zamani uliochangia kuzaliwa kwa salsa, ikipigwa na vikundi vidogo ni chaguo zuri, kwani vijiti vya klave husikika na mwendo wake mara nyingi ni wa wastani. Salsa ya mapenzi iliyoshamiri miaka ya 1980 nayo ina mpangilio usiokurupuka. Timba, muziki wa kisasa wa Kuba ulio karibu na salsa, iweke kando kwa sasa. Hukatika na kubadilika ghafla. Angalia pia orodha yako ya nyimbo isichanganye bachata na chachachá, ambazo zina hatua zake nyingine, la sivyo utalaumu miguu bure.

Dakika 15 kwa siku zinatosha: wimbo mmoja wa kupiga makofi kwenye 1 na 5 ukiwa umekaa, mmoja wa hatua papo hapo, mmoja wa hatua kamili. Viatu viwe na soli inayoteleza kidogo. Raba hung'ang'ania sakafu, na siku ya mizunguko goti ndilo litakalosokotwa. Mizunguko yenyewe isubiri hadi uweze kumaliza wimbo mzima bila kuhesabu kwa sauti. Jirekodi sekunde 30 za kiitikio, utazame miguu tu. Kama unaongoza na mguu wa kushoto uko mbele kwenye 5 badala ya 1, si kwamba hatua zimeharibika. Ulianza nusu ya pili ya hesabu. Tulia mapigo manne, uingie upya.