Rangi isikukaukie kabla hujamaliza ngao

Ndugu zangu wa Tabora mnaopaka rangi vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, joto la Septemba na Oktoba linakausha akriliki, rangi zetu za kuchanganya na maji, haraka mno. Chukueni kopo bapa la plastiki lenye mfuniko, tandikeni sponji nyembamba ya kuoshea vyombo, ilowesheni maji bila kuyaacha yaelee, kisha lazeni juu yake karatasi ya kuokea keki. Ya daftari haifai kabisa: inachanika, na nyuzi zake zinanasa kwenye brashi.

Rangi wekeni juu ya karatasi hiyo. Unyevu unapenya polepole kutoka chini, rangi inabaki laini kwa saa nyingi. Juzi jioni nilichanganya kijani cha ngozi ya zimwi, nikafunika; asubuhi nikamalizia shavu la pili kwa rangi ileile. Nilifurahi sana! Uso wa kijisanamu chenye kimo cha milimita 28 ni kama punje ya choroko, kwa hiyo rangi ikianza kukauka na kuwa nzito inafukia macho yote.

Rangi za metali tu ndizo mziweke pembeni, kwenye kigae kikavu, maana chembe zake zinazong'aa husambaa kwenye maji na kuchafua nyingine. Maji badilisheni kila baada ya siku mbili tatu, yakikaa yananuka.