Somo: Misuli na viungo, kwa kutumia mguu wa kuku

Mchoro wa mkono uliokunjwa nimeuchora ubaoni mara nyingi mno. Wanafunzi wanakariri "baisepsi inasinyaa, traisepsi inalegea", wanapata alama zao, na bado hawajui kidole chao kinakunjwa na nini. Siku hizi naanzia kwa muuza kuku.

Tafuta miguu miwili ya kuku, ile ya chini yenye kucha, na paja moja zima ambalo halijakatwa kati. Kisu kikali na koleo dogo vinatosha.

Hatua ya 1. Shika mguu wenye kucha. Pale ulipokatwa, menya ngozi kidogo mpaka uone nyuzi nyeupe ngumu. Hizo ndizo kano. Kamata ya upande wa nyuma kwa koleo, vuta. Vidole vinajikunja kama vinakamata kitu! (Darasani hapa ndipo wanapopiga kelele.) Sasa vuta ya mbele: vinanyooka.

Angalia tena huo mguu. Nyama iko wapi? Karibu hakuna. Msuli uliokuwa ukivuta nyuzi hizo umebaki juu, kwenye ile sehemu ya paja iliyo chini ya goti. Nawe uko hivyohivyo. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, kisha kunja ngumi na kuikunjua. Unasikia kitu kinavimba na kutulia? Hapo ndipo ilipo misuli mikubwa ya kukunja vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hakuna msuli wa kuvikunja, ni kano zinazopita tu.

Hatua ya 2. Msuli unavuta, hausukumi. Ndiyo maana umewekewa mwenzake upande wa pili. Kaa mezani, weka kiganja chini ya meza ujaribu kuiinua: msuli wa mbele ya mkono wa juu, baisepsi, unakuwa mgumu. Weka kiganja juu ya meza ugandamize: sasa anayefanya kazi ni wa nyuma, traisepsi. Hata unaposukuma gari lililozimika, ndani ya mwili wako misuli inavuta mifupa.

Hatua ya 3. Chukua paja, likunje na kulinyoosha pale katikati. Ni goti hilo, linakwenda na kurudi kama bawaba ya mlango. Pitisha kisu taratibu, usikate kwa nguvu. Utakutana na mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa, yaani ligamenti, halafu kitu kinachoteleza: ute. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, nyeupe na laini. Pitisha kidole juu yake. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikiumia inapona kwa shida sana.

Bega na nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Kikombe cha bega ni kifupi, ndiyo maana mkono unazunguka kote, na ndiyo maana bega huchomoka kirahisi kuliko nyonga.

Ukimaliza, osha mikono, kisu na meza kwa sabuni. Kuku mbichi ana vijidudu.

MASWALI

Mama Zai: Mwalimu, mwanangu anavunja vidole, ka! ka! Si ataharibu viungo?

Jibu: Hapana, mama. Ukivuta kiungo, presha ndani ya ute inashuka na gesi inatengeneza povu. Mlio unatoka hapo. Daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 50. Alipolinganisha mikono yake, hakuna uliokuwa na yabisi.

Kidato cha Tatu: Kwenye mtihani, kano na ligamenti nizitofautisheje?

Jibu: Kano: msuli kwa mfupa. Ligamenti: mfupa kwa mfupa. Usiongeze maneno.

Dereva Boda: Niliteguka kifundo cha mguu juzi, wakataka kunivuta.

Jibu: Usikubali, kaka. Kuteguka ni ligamenti kuvutika au kuchanika. Ukivutwa tena unaongeza jeraha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu juu. Kama huwezi kutembea hata hatua nne, nenda ukapigwe eksirei.

Mama Zai: Na huyo kuku wa somo, analiwa?

Jibu: Kama hakukaa nje muda mrefu, mwoshe, mchemshe vizuri. Kwangu huwa ni supu ya jioni.