Dawa ya Minyoo Imegoma? Hesabu Mayai Kabla Hujaibadili

Umewanywesha mbuzi dawa ya minyoo, wiki mbili zimepita, na kope zao kwa ndani bado nyeupe. Wafugaji wengi hapo hukimbilia chupa ya rangi nyingine. Kumbe mara nyingi chupa hiyo ina dawa ya kundi lilelile, yaani inayoua minyoo kwa njia ileile, ila jina la biashara ndilo limebadilika. Kabla hujatupa pesa, fanya kipimo ambacho watafiti wa mifugo hukitumia kugundua usugu wa dawa: hesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kabla ya dawa, hesabu tena baadaye, kisha linganisha. Unahitaji hadubini ya kawaida, slaidi ya McMaster (kioo chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari, cha kuhesabia mayai), mizani ndogo, chumvi na subira.

Anayewindwa hapa hasa ni Haemonchus contortus, mnyoo anayekaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Kila mnyoo humpotezea mbuzi takribani mililita 0.05 za damu kwa siku, kwa hiyo mbuzi mwenye minyoo elfu moja hupoteza kama mililita 50 kila siku. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, ndiyo maana kinyesi kinasema mengi. Dalili zake ni upungufu wa damu na uvimbe chini ya taya. Mbuzi anayeharisha tu, bila kupauka, huenda ana tatizo jingine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua mbuzi

Chukua mbuzi 10 hadi 15 wanaochunga pamoja, hasa wadogo walioachishwa kunyonya, na wasiwe wamepewa dawa ya minyoo kwa miezi miwili hivi. Wawekee alama za masikioni au kamba zenye namba, maana utawahitaji haohao baadaye.

Fungua kope la chini la kila mmoja juani na ulinganishe rangi yake na kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini. Namba 1 ni nyekundu, 5 ni nyeupe. Kwa mbuzi, wenye 3, 4 na 5 hupewa dawa. Tumia kadi halisi, kwa sababu nakala iliyochapwa hubadilisha rangi. Na mwenye 5 asisubirishwe kwa ajili ya utafiti wako: chukua sampuli yake, mtibu saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Chukua kinyesi

Vaa glavu, paka kilainishi, toa kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa. Usiokote chini, hutajua ni cha nani, na minyoo wa udongoni huingia humo. Gramu tano zinatosha. Weka kwenye mfuko mdogo, kamua hewa yote, andika namba ya mbuzi, kisha weka kwenye baridi ya friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Kwenye joto mayai huanza kuanguliwa ndani ya siku moja hivi, na lililoanguliwa hutalihesabu.

Hatua ya 3: Toa dawa kama inavyotakiwa

Hapa ndipo kipimo kinapoharibika mara nyingi. Dawa nzuri ikitolewa vibaya huonekana kama imeshindwa, na utailaumu bure.

Pima uzito kwa mizani, au angalau kwa utepe wa kifuani. Jicho hudanganya, na kwa kawaida hudanganya kwa kupunguza. Tikisa chupa sana, kwani albendazoli hutuama chini. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Ingiza mdomo wa bomba pembeni mwa kinywa hadi nyuma ya ulimi, sukuma taratibu, uhakikishe amemeza. Mbuzi ni fundi wa kutema.

Kisha kuna suala la dozi. Mwili wa mbuzi huondoa dawa nyingi za minyoo upesi kuliko mwili wa kondoo, kwa hiyo dozi ya kondoo humwachia minyoo hai, tena wale wagumu zaidi. Kanuni inayotumika sana ni mara mbili ya dozi ya kondoo kwa albendazoli, fenbendazoli na ivermektini ya kunywesha, na mara moja na nusu tu kwa levamisoli. Levamisoli usiizidishe: mbuzi hutokwa mate, hutetemeka, na anaweza kufa. Albendazoli usimpe mbuzi aliye mwanzoni mwa mimba. Kwa kuwa dozi hizi mara nyingi haziko kwenye lebo, zithibitishe na daktari wa mifugo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa na nyama.

Hatua ya 4: Hesabu mayai

Yeyusha chumvi kwenye maji ya moto hadi igome kuyeyuka, kama gramu 400 kwa lita, kisha acha yapoe. Ponda gramu 4 za kinyesi ndani ya mililita 56 za maji hayo, chuja kwa chujio la chai, koroga, na papo hapo jaza vyumba vyote viwili vya slaidi. Ukichelewa, mayai yanapanda juu na utanyonya maji matupu.

Subiri dakika tano yaelee, kisha tazama kwa lenzi ya 10, ukihesabu yaliyo ndani ya mistari. Jumla ya vyumba viwili zidisha kwa 50. Hayo ndiyo mayai kwa gramu. Hesabu yale ya umbo la yai, ganda jembamba, yenye chembe nyingi ndani. Duara ndogondogo za koksidia, vimelea vingine vya utumbo, ziandike kando. Yenye kona ni ya tegu, na yenye vizibo ncha zote mbili ni ya mnyoo mjeledi. Yote hayo hayaingii kwenye hesabu hii. Mayai ya mnyoo wa ini hayaelei kwenye chumvi, basi usiseme hayapo.

Wastani wa kundi ukiwa chini ya 150, ahirisha kipimo. Namba ndogo hivyo hazitakuambia lolote.

Hatua ya 5: Rudi kwa mbuzi walewale

Kwa levamisoli rudi siku ya 7. Kwa albendazoli, fenbendazoli au ivermektini rudi siku ya 14, kwa sababu baadhi ya dawa humfanya jike asimame kutaga kwa muda bila kufa. Usivuke wiki tatu: minyoo wapya waliomezwa malishoni watakuwa wamekomaa.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Gawanya wastani wa baada kwa wastani wa kabla, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100. Tuseme ulianza na 1,200 ukaishia na 180: dawa imepunguza mayai kwa asilimia 85. Chini ya 95, shuku usugu. 85 ni tatizo la wazi. Lakini tazama pia mbuzi mmojammoja. Ikiwa kumi wako kwenye sifuri na mmoja amebaki na 2,000, huyo huenda alitema.

Usugu ukithibitika, hamia kundi jingine la dawa, si jina jingine, nalo ulipime vilevile. Acha kunywesha kundi zima kwa tarehe. Tibu waliopauka tu, ili malishoni wabaki minyoo wasioizoea dawa. Mbuzi mgeni mtenge, mtibu, mpime kinyesi baada ya wiki mbili, ndipo umchanganye na wenzake.