Kentucky au Tennessee: ukitafuta ardhi ya kuanzisha shamba, anzia wapi

Hapa Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani, tuko Waswahili wengi, na kila mwenye akiba kidogo anauliza: ninunue ardhi Kentucky, au nivuke kwenda Tennessee, mwendo wa nusu saa hivi? Kabla ya kuulizia bei ya ekari, jiulize utaishi kwa pesa ipi.

Kama utabaki na kazi ya kiwandani na kulima jioni, Tennessee inavutia kwa sababu haikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Kentucky inakata asilimia 3.5 tangu Januari 2026. Ila angalia hapa: ukihamia Tennessee huku kazi yako iko Bowling Green, Kentucky itaendelea kukata. Nafuu hiyo ni ya anayehamisha na kazi. Tena Tennessee inatoza kodi ya mauzo hata kwenye unga na mchele, asilimia 4 ya jimbo, na kaunti inaongeza yake. Kentucky haitozi vyakula vya kupika nyumbani.

Kama nia yako ni kuuza mboga, mimi nakushauri Kentucky bila kusita. Ekari 5 za mboga au matunda ya biashara zinatosha kuomba kodi ya ardhi ya kiwango cha kilimo, kilicho nafuu. Kwa mifugo ni ekari 10. Tennessee kwa kawaida inataka 15. Matembele na mchicha vinastawi vizuri kwenye joto la huku.

Sasa nenda ukaione ardhi yenyewe, ikiwezekana siku moja baada ya mvua kubwa. Pande zote mbili za mpaka huu zimekaa juu ya mawe ya chokaa yenye mapango. Mwaka 2014 ardhi ilididimia ndani ya jumba la makumbusho la magari ya Corvette hapa mjini, ikameza magari 8. Shambani, tafuta bonde la mviringo lenye miti katikati ya malisho, dalili ya ardhi iliyodidimia. Lisogelee uchungulie: mara nyingi utakuta matairi, mabati, hata mizoga ya zamani. Maji yanayoingia humo hayachujwi na udongo, yanaweza kutokea kwenye chemchemi au kisima chako. Pima maji hayo kabla ya kuyanywa.

Udongo uchimbe kina cha sentimita 15 sehemu nyingi, changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika, kisha peleka ofisi ya ugani ya kaunti. Uliza pia nyasi. Malisho mengi huku ni Kentucky 31, nyasi ngumu zenye kuvu ndani yake. Ng'ombe huteseka nazo wakati wa joto, na farasi wenye mimba wasizile kabisa.

Ukivutwa na bei za mashariki mwa Kentucky, soma hati hadi mwisho, kwani haki ya madini inaweza kuwa ya mtu mwingine. Na usijenge kwenye bonde la kijito, hata muuzaji akiapa. Mafuriko ya Waverly, Tennessee, Agosti 2021, na ya mashariki mwa Kentucky, Julai 2022, yaliua watu majumbani mwao.

Mwisho, mwambie dalali aandike kwenye mkataba kwamba utalipa baada ya idara ya afya ya kaunti (kwa Tennessee, kwa kawaida ni idara ya mazingira ya jimbo) kukagua udongo na kukubali mfumo wa majitaka. Wakaguzi wakikataa, hapo hujengi nyumba.