Kutengeneza Upinde kwa Mti Usiojulikana Jina

Mti mchanga uliokatwa wakati wa kusafisha shamba, au uliochipua upya kwenye kisiki chini ya nyaya za umeme, unaweza kutoa upinde mzuri hata kama hapatikani mtu wa kuutambua. Jina la mti lina msaada wake, kwani mikole, kwa mfano, imetumika tangu zamani kwa pinde na mishale katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo jina peke yake halitoshi, kwa sababu miti miwili ya aina moja, mmoja ukiwa umekulia kivulini penye maji na mwingine mahali pakavu penye jua, huweza kutofautiana sana kwa uzito na uimara. Ni afadhali kuupima mti wenyewe hatua kwa hatua, na kuuacha uamue upinde utakuwa wa upana gani na wa nguvu kiasi gani.

Kabla ya kukata, pata ruhusa ya mwenye shamba, na usiguse mti wowote ulio ndani ya hifadhi. Kisha kata kitawi kidogo ukitazame utomvu wake. Ukitoka mweupe kama maziwa, uache mti huo bila kujadili. Mnyaa una utomvu unaoweza kudhuru macho vibaya, na msungu, ambao ndio chanzo cha sumu ya mishale kwa jamii kadhaa za wawindaji, ni mti mdogo usiotofautiana sana na vichaka vingine kwa mtu asiyeuzoea. Iko miti yenye utomvu mweupe isiyo na madhara, lakini mtu asiyejua jina la mti hana namna ya kuitenga, na kazi hii itamweka katika vumbi la mti huo kwa siku nyingi.

Tafuta shina lililonyooka lenye urefu wa sentimita 180 hivi na unene wa sentimita 5 hadi 7. Shina jembamba zaidi lina mgongo wa mviringo mno, na nguvu yote ya kuvutika hukusanyika katika mstari mmoja mwembamba katikati ya mgongo huo. Tazama pia mistari ya gome: ikizunguka shina, basi nyuzi za ndani nazo zimejisokota, na upinde utapindukia upande. Vifundo vidogo vinavumilika iwapo vitabaki ubavuni au tumboni mwa upinde, lakini matundu yenye unga ni dalili kwamba bungua wamekwisha kuingia.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote. Chukua tawi la mti huohuo lenye unene wa kidole, liache likauke vizuri, kisha lipinde polepole hadi livunjike huku ukiwa umekinga macho. Likikatika ghafla na kuacha ncha fupi zilizo sawa, mti huo haufai kwa upinde. Likichanika kwa vibanzi virefu baada ya kupinda sana, una nyuzi imara. Likipinda na kubaki limepinda bila kuvunjika, basi huenda halijakauka, au mti wenyewe ni mlegevu.

Jaribio la pili ni la uzito. Kata kipande kilichokauka chenye unene sawa na urefu wa sentimita 20, kisimamishe ndani ya bomba au chupa ndefu nyembamba yenye maji ili kielee wima bila kulala, na uweke alama ya penseli upesi mahali maji yanapofikia, kabla kipande hakijaanza kunywa maji. Sentimita 14 zikizama, mti una uzito wa saba ya kumi ya uzito wa maji, na huo ni mti mzuri sana. Zikizama 12, bado unafaa. Zikiwa chini ya 10, utahitaji upinde mpana sana, na kwa mtu anayeanza mimi ningeshauri atafute shina jingine.

Upinde unapovutwa, uso unaoelekea shabaha, yaani mgongo, huvutika, na uso unaomwelekea mpigaji, yaani tumbo, hubanwa. Mgongo ndio unaovunjika, na huvunjika mahali nyuzi zilipokatwa. Hapo ndipo ulipo ubora wa mti mchanga: chini ya gome kuna uso ulio mzima tangu juu hadi chini, na ukiuacha ulivyo, huna haja ya kufuatilia pete za ukuaji kama afanyavyo mwenye gogo kubwa. Kwa hiyo bandua gome kwa kijiti butu au kwa vidole, hasa mti ukiwa bado mbichi, na usiruhusu kisu kuugusa mgongo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi yote ya kuchonga itafanyika tumboni na ubavuni.

Mti ukiwa mbichi, toa nusu ya upande wa tumbo kwa shoka au tezo ili moyo wa mti uondoke, kwa kuwa nyufa nyingi huanzia hapo. Paka ncha zote mbili na mgongo gundi ya mbao au rangi, ufunge kipande kwenye ubao ulionyooka kisijikunje, kisha ukiweke ndani penye hewa na pasipo jua. Kipime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku chache na uandike uzito juu ya mti wenyewe kwa penseli. Uzito ukikaa wiki nzima bila kupungua, mti umekauka kadiri hewa ya mahali pako inavyoruhusu. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, ni vyema kuumalizia darini au karibu na jiko, kwani mti wenye unyevu hubaki umepinda hata ukiwa wa aina bora.

Sasa chora umbo. Kwa kuwa mti haujulikani, upinde uwe mrefu, mpana na mwepesi kuvuta: urefu wa sentimita 175 kwa mtu atakayevuta sentimita 65 hadi 70, upana wa sentimita 4.5 katika theluthi mbili za katikati, kisha upungue taratibu hadi sentimita 1.5 kwenye ncha. Mti uliozama sentimita 16 au zaidi katika jaribio la maji unaweza kuchongwa hadi upana wa sentimita 4. Anza na unene wa sentimita 2.2 katikati na 1.4 karibu na ncha, na tumbo liwe bapa ili mkandamizo usambae. Acha hata sehemu ya kushikia ipinde kidogo, kwa sababu kila sehemu inayopinda inazipunguzia mzigo sehemu nyingine. Lenga nguvu ya kilo 12 hadi 15. Pinde za Waata, jamii ya wawindaji wa Tsavo nchini Kenya, walizowindia tembo, zilizidi kilo 45, lakini hizo zilikuwa kazi ya watu walioujua kila mti wa nchi yao.

Kusawazisha mabawa mawili, yaani pande mbili za upinde kutoka kishikio hadi ncha, ndiyo kazi yenyewe, na inataka subira. Ugumu wa bawa hufuata unene kwa mchemraba: ukipunguza milimita moja penye milimita 20, unapoteza karibu asilimia 14 ya ugumu, lakini milimita hiyohiyo penye milimita 10 inaondoa asilimia 27. Ndiyo sababu randa na tupa hutumika mwanzoni tu, na karibu na ncha mtu hukwangua kwa kipande cha kioo au kwa kisu kilichosimamishwa wima, akitoa unga badala ya maganda.

Anza kwa kuisimamisha ncha moja chini na kusukuma katikati kwa mkono, ukitazama bawa linavyopinda. Mabawa yote mawili yakianza kutii, chonga kwenye ncha vikato vya upote, yaani kamba ya upinde, funga kwanza kamba ndefu iliyolegea, tundika upinde ukutani na uuvute kwa kamba inayopita kwenye kapi, wewe ukisimama mbali kidogo na pembeni. Piga picha kwa simu na ulinganishe mabawa. Mahali palipo pagumu weka alama ya penseli na ukwangue hapo peke yake, na palipolegea usipaguse, bali upunguze kwingine hadi palingane. Kila baada ya kukwangua, vuta upinde mara 30 kwa urefu mfupi, kwa kuwa mti huchelewa kuonyesha badiliko. Usiuvute kamwe kupita pale unapoona kasoro, wala kupita kilo ulizokusudia.

Katika hatua hii mti hukueleza uwezo wake. Fungua upote na uweke upinde juu ya meza: ncha zikiwa zimesogea upande wa tumbo kwa sentimita 2 au 3, hakuna tatizo. Zikisogea zaidi wakati bado hujafika nusu ya mvuto, punguza kilo unazolenga au ukubali mvuto mfupi. Mikunjo myembamba inayokatiza tumbo inamaanisha kwamba mahali hapo panabanwa kuliko jirani zake. Kibanzi kikiinuka mgongoni, acha kuvuta kabisa.

Upote wa kudumu usokotwe kwa uzi wa poliesta, kwa kuwa nailoni hunyumbuka mno, nao uweze kuhimili angalau mara nne ya nguvu ya upinde. Nafasi kati ya kishikio na upote iwe sentimita 15. Msasa, mafuta ya kitani na nta vinatosha kumalizia. Upinde huu ni wa shabaha, na kwa wasomaji wa Kenya nikumbushe kwamba uwindaji umepigwa marufuku huko tangu mwaka 1977. Usiachie upote bila mshale, ufungue upote kila unapomaliza, na baada ya mishale 100 ya kwanza rudisha upinde ukutani ulinganishe mabawa tena, kwa kuwa mti mpya huendelea kulegea katika kipindi hicho na bawa moja mara nyingi humtangulia mwenzake.